Mapanga, unga na saa 72: jinsi uhalifu wa mtaani unavyoifungulia Ukimwi mlango

Kila vijana wa mapanga wanapoingia mtaa wa Kisauni au Likoni, habari inayofuata huwa ni ile ile: watu wangapi wamekatwa, simu ngapi zimeporwa, polisi wamefika saa ngapi. Hesabu hiyo ni ya lazima, siipuuzi. Lakini nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pwani kwa zaidi ya miaka 20, na kazi hiyo imenizoesha kungoja hesabu ya pili ambayo haitangazwi redioni. Huja polepole, baada ya wiki au miezi. Msichana analetwa na nyanyake akiwa na maumivu ya tumbo la chini na uchafu usio wa kawaida. Barobaro anapimwa, anakutwa na virusi. Mama wa makamo aliyekuwa akimeza dawa zake bila kukosa anarudi amedhoofu, kwa kuwa aliacha kuja kliniki. Ukiwauliza bila pupa, wengi wana usiku fulani wanaoukumbuka, au kichochoro fulani wanachokikwepa.

Makala hii nimeikusudia iwe ya kuwekwa na kurejelewa. Ndani yake nimeeleza jinsi usalama wa mtaa unavyoshikana na maradhi ya zinaa na virusi vya Ukimwi (VVU), na la kufanya pale mambo yanapotokea. Atakayetaka sehemu ya haraka aruke hadi pale ninapozungumzia saa 72.

Nianze na tahadhari. Uhalifu hauzai virusi. VVU huambukizwa kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Mwizi akikunyang'anya simu hakuachii maradhi. Na kama mtaa wenye wezi wengi ndio ungekuwa na Ukimwi mwingi, basi Kisauni ingeongoza Kenya nzima. Haiongozi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uitwao KENPHIA ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wanaishi na virusi, huku kaunti ya Homa Bay ikiwa na asilimia 19.6, na Homa Bay hatuisikii kwa magenge ya mapanga. Maambukizi mengi hutokea katika uhusiano wa kawaida kabisa, kitandani, baina ya watu wanaopendana au waliooana. Utafiti huo huo uliwakuta wanawake na asilimia 6.6 na wanaume 3.1, tofauti ambayo hakuna genge linaloweza kuieleza.

Uhusiano upo, lakini ni wa kupitia milango mingine. Mwaka 2000 Deborah Cohen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya mjini New Orleans, Marekani. Walizunguka mitaani wakihesabu nyumba zilizovunjika, magari yaliyotelekezwa, takataka na michoro ya ukutani, kisha wakalinganisha na wagonjwa wa kisonono. Mitaa maskini iliyochakaa ilikuwa na kisonono zaidi kuliko mitaa maskini iliyotunzwa. Utafiti wa aina hiyo hausemi kipi kimezaa kipi, na New Orleans si Mtopanga. Ila mtu aliyekulia katika mitaa yetu hahitaji kusukumwa sana ili aamini kwamba taa ikizimika na kiwanja kikageuka maskani, kuna mambo mengine yanayobadilika pamoja navyo, na mengine ni ya mwilini.

Saa 72

Hili ndilo la kwanza kwa uzito, kwa hivyo nitakaa nalo.

Mtu akibakwa, au akiingiwa na damu ya mtu mwingine kwa namna ya hatari, virusi haviwi vimeshajijenga mwilini papo hapo. Kuna muda mfupi ambamo dawa inaweza kuvizuia. Dawa hiyo kliniki zote zinaiita PEP. Ni dawa za aina ile ile wanazotumia wanaoishi na virusi. Kwa mtu mzima siku hizi mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 28 mfululizo. Inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote isipite saa 72 tangu tukio, yaani siku tatu kamili. Usiku ule ule ni bora kuliko asubuhi, na asubuhi ni bora kuliko kesho yake. Zikipita saa 72 haitolewi, kwani haitarajiwi kusaidia tena.

Hospitali haiishii hapo. Kuna dawa ya kuzuia mimba, ambayo hutolewa hadi saa 120, siku tano, na hiyo pia hupungua nguvu kadiri unavyochelewa. Kuna dawa za kuzuia kisonono, klamidia na kaswende, chanjo ya homa ya ini aina ya B, sindano ya pepopunda kama kuna majeraha, na mtu wa kuzungumza naye. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinaruhusu aliyetendewa kutibiwa bure katika hospitali ya umma. Mtu akikudai pesa za PEP, mwulize kwa utulivu anaitoa wapi bei hiyo.

Sasa tazama uhalifu wa mtaani unavyozila saa hizi. Tuseme tukio limetokea Ijumaa saa tatu usiku. Genge bado liko nje, hakuna tuktuk atakayekubali kuingia, na baba mwenyewe anaogopa kufungua mlango. Wanangoja kuche. Jumamosi zahanati ya mtaa imefungwa, au iko wazi lakini mhusika hayupo. Jumapili ndugu wanakusanyika kushauriana. Jumatatu saa tatu asubuhi msichana anafika kliniki, na saa 60 zimeshakwenda. Bado 12. Akitumwa kwanza kituoni kuandikisha, akangojeshwa kwenye benchi hadi alasiri, zinabaki chache za kuhesabika kwa vidole. Wala katika hadithi hii hakuna aliyezembea. Ni hofu ya usiku, umbali na wikendi tu.

Kwa hiyo jambo la kukariri ni hili: hospitali kwanza, polisi baadaye. Huhitaji barua ya polisi ili upewe PEP. Hospitali itakupima, itakutibu na kujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile wanayoiita PRC, ambayo ni ushahidi. Fomu ya P3 inayotoka kituo cha polisi itafuata, na inaweza kufuata kesho yake. Na usiende zahanati usiyo na hakika nayo wakati wa usiku. Nenda hospitali kubwa ya serikali iliyo wazi saa zote. Hospitali Kuu ya Pwani, ile wenyeji wa Mombasa tumezoea kuiita Makadara, ina kituo maalumu cha waliodhulumiwa kijinsia. Kuna Port Reitz kwa watu wa Changamwe, hospitali ya Likoni kwa walio ng'ambo, na nje ya Mombasa kuna Kilifi, Malindi, Msambweni, Voi, Hola, na King Fahd kwa watu wa Lamu.

Jambo jingine, nalo ni zito kulisema. Wengi wetu, kitu cha kwanza baada ya uovu kama huo ni kukimbilia maji. Naelewa. Mtu anajihisi ametiwa najisi na anataka kuoga hata kabla hajalia. Mkiweza, mzuieni kwa upole mpaka apimwe, kwa sababu maji huondoa ushahidi. Nguo alizokuwa nazo zisifuliwe. Zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki huvunda. Lakini kama ameshaoga, na nguo zimeshafuliwa zimeanikwa, aende vivyo hivyo. PEP haijali kama umeoga. Nimewaona watu waliokaa nyumbani siku mbili kwa kudhani kuwa kwa kuoga wameshaharibu kila kitu.

Ile siri ya nyumbani

Genge na giza nimevitaja. Kuna mwizi mwingine wa saa hizi, naye tunaishi naye ndani.

Nakumbuka mama mmoja aliyemleta binti yake wa miaka 14 siku ya tano. Binti alikuwa ametumwa dukani magharibi, akaburutwa nyuma ya nyumba isiyomalizika kujengwa. Mmoja wa waliomfanyia alikuwa kijana wa mtaa ule ule, mtoto wa watu wanaojulikana.

"Sista," mama akaniambia kwa sauti ya chini, "tulikuwa tunamngoja ami yake arudi safari, tusije tukaonekana tumemruka."

"Na mtoto mlimpa nini siku zote hizo, mama?"

"Tulimpa panadol. Na bibi yake akamchemshia mwarobaini."

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya. Walikuwa wakifanya kile tulichofundishwa sote, kwamba jambo la aibu husitiriwa na wakubwa hukaa wakalimaliza. Dawa ya kuzuia mimba tulikuwa nayo ukingoni kabisa. PEP haikuwapo tena. Tulimpima virusi, majibu yakawa hana, lakini majibu ya siku ile hayaelezi chochote kuhusu tukio la juzi; kipimo huchukua wiki kadhaa kabla hakijaweza kuona maambukizi mapya, ndiyo maana tunamwambia mtu arudi baada ya wiki chache na tena baada ya miezi mitatu. Binti hakurudi. Niliposikia habari zao tena, walikuwa wamehama mtaa.

Kusitiri ni jambo jema katika mila zetu na katika dini. Tatizo ni kuwa mara nyingi anayesitiriwa huwa ni yule kijana. Binti habaki na stara yoyote, maana mtaa mzima unajua, isipokuwa hospitali. Na wale wanaokaa baraza na kuamua faini ya laki moja au ndoa ya haraka wajue sheria inavyosema. Kifungu cha 40 cha sheria ile ya 2006 hakimpi mzazi, chifu wala mzee wa mtaa uwezo wa kuifuta kesi. Uamuzi huo ni wa upande wa mashtaka ya umma. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anakabiliwa na kifungo cha maisha. Kuanzia miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20, na kuanzia 16 hadi 18 kisichopungua 15. Hakuna pale palipoandikwa kuwa ami akikubali basi yamekwisha.

Wavulana nao wanatendewa, na wao husema kidogo zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni: asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walikuwa wamepitia ukatili wa kijinsia wa namna moja au nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi uliporudiwa 2019 hesabu zilikuwa zimeshuka hadi 15.6 na 6.4. Ni habari njema, ingawa 6.4 bado ni watoto wengi mno kwa jambo ambalo hatulitaji hata kwa jina. Kijana aliyelawitiwa na wakubwa wa genge, labda kama ada ya kuingia, labda kama adhabu, ana hatari ya VVU kubwa kuliko ya ngono ya kawaida, na PEP ni yake pia. Akikwambia anaumwa akikaa, usimcheke.

Lifti ya usiku

Si kila hatari huja na nguvu. Nyingine huja na wema.

Pale ambapo kutembea kwa miguu kutoka stejini hadi nyumbani ni hatari, msichana anayetoka kazini saa nne usiku anahitaji mtu wa kumfikisha. Huyo mtu mara nyingi ni mwenye bodaboda, au kijana anayeogopwa mtaani, kwa sababu anayeogopwa ndiye anayeweza kupita naye salama. Lifti ya kwanza ni bure. Ya kumi si bure. Nimewasikia wasichana wa Kisauni wakisema kuwa kuwa na mchumba katika genge ni afadhali kuliko kuwa peke yako, maana angalau unajua ni nani wa kumwogopa. Makundi kama Wakali Kwanza na Wajukuu wa Bibi yamekuwa yakitajwa mitaani kwa miaka, na vijana wake, wengine bado ni watoto wa shule, wana wapenzi kama vijana wengine.

Katika uhusiano wa namna hiyo, mwambie msichana "tumia kondomu" utaona anavyokutazama. Kondomu huvaliwa na mwanamume, na huyu mwanamume ana panga chini ya godoro. Elimu yetu ya Ukimwi kwa miaka mingi imewaandikia watu wawili walio sawa, wanaokaa wakashauriana. Wengi wa wasichana hawa hawajawahi kukaa hivyo na mtu.

Kwao kuna kitu kinachofaa zaidi, nacho ni PrEP. Isichanganywe na PEP. Hii humezwa kabla, na mtu ambaye hana virusi lakini anajua yuko hatarini mara kwa mara. Kenya ilianza kuitoa rasmi kitaifa Mei 2017, na vituo vya umma huitoa bila malipo. Faida yake kwa msichana kama huyu ni kuwa hahitaji ruhusa ya mtu. Ni kidonge chake, anakimeza mwenyewe. Haizuii mimba wala kaswende. Ubaya wake ni kuwa chupa ikionekana nyumbani, mama atadhani binti ana Ukimwi, na mchumba atadhani vile vile, halafu ndio ugomvi. Wauguzi wengi hukubali kumtilia mtu dawa kwenye bahasha ya kawaida akiomba. Aombe.

Maskani na sindano

Sitaki kuzungumzia uhalifu wa Pwani bila kutaja unga, kwa sababu nusu ya wizi mdogo unaotukera, nguo kwenye kamba, bomba la maji, betri ya tuktuk, ni wa kutafuta kete ya jioni. Unga wenyewe hauzaliwi Kibokoni wala Malindi. Hutoka Afghanistan, ukavuka bahari kwa majahazi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika jahazi moja tu mashariki ya Mombasa. Yanayotufikia sisi vichochoroni ni makombo ya biashara hiyo.

Kwa miaka mingi unga wa Pwani ulikuwa wa kuvutwa. Kujidunga kulipoenea, VVU vikapata njia fupi kuliko zote, damu kwa damu. Takwimu za serikali zilizokuwa zikitumika kwa muda mrefu ziliweka maambukizi kati ya wanaojidunga nchini kuwa asilimia 18.3, karibu mara nne ya watu wazima kwa jumla. Mwaka 2005 watafiti walieleza kutoka Dar es Salaam desturi iliyowashtua hata madaktari: mwanamke ameshajidunga, kisha anavuta damu yake katika bomba lile na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge, kwa kuamini damu ile imebeba unga wa kutosha kumwondolea arosto. Walikuwa wakisaidiana. Lilikuwa tendo la huruma.

Hapa ndipo msako unapoingia, na hapa najua sitaelewana na kila msomaji. Kati ya Desemba 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011, unga uliadimika Mombasa na Malindi. Mitaa ilifurahi. Hospitalini tulipokea watu wakitapika na kutetemeka. Wengine walijidunga chochote walichokipata, sindano zikapokezanwa, na kina dada walioshikwa na arosto walikubali wateja wasio na kondomu kwa bei yoyote. Nataka wauza unga wakamatwe kama unavyotaka wewe. Lakini kuwafungia watu unga bila kuwa na kitanda wala dawa ya kuwapokea ni kuusukuma ugonjwa kutoka maskani hadi majumbani, maana mateja wana wake, na wengine wana waume.

Vivyo hivyo kwa sindano. Sheria ya mihadarati ya 1994 inafanya hata vifaa vya kutumia dawa kuwa kosa, kwa hiyo kijana anayekutwa na bomba safi mfukoni anaweza kulala ndani. Anachojifunza ni kutotembea nalo, na usipotembea na lako unatumia la mwenzako. Serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi mwaka 2012, viongozi wengi wa dini hapa Pwani waliupinga, wakiona ni kumpa mlevi chupa. Hoja yao ilikuwa na mantiki, wala sikuwacheka. Ila tumeona pia shirika la MEWA, lililoanzishwa na Waislamu wenyewe wa Mombasa, likiwahudumia watu hawa bila kuona limeacha dini. Reachout nayo imefanya kazi hiyo miaka mingi, na Malindi kuna Omari Project. Anayekuja kuchukua sindano anapimwa VVU na homa ya ini, kidonda chake kinasafishwa, na siku atakayosema amechoka na unga kuna mtu aliyemzoea wa kumsikia.

Siku hiyo ikifika kuna methadoni. Ni dawa ya maji inayonywewa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku, nayo huondoa arosto bila kulewesha kama unga. Ilianza Nairobi Desemba 2014, Malindi ikafuata Februari 2015, kisha Kisauni na Kwale. Kwa swali letu la uhalifu, methadoni hugusa pande zote mbili kwa mara moja: asiye na arosto hahitaji sindano ya mwenzake, wala hahitaji betri ya tuktuk yako. Kasoro yake ni kuwa lazima uende kila siku. Ukiwa unaishi mbali, au njia ya kliniki inapita katika mtaa wa genge ulilokosana nalo, unakosa siku moja, ya pili, ya tatu, na umerudi maskani.

Mkoba ulioporwa

Kundi ambalo husahauliwa kabisa ni wale wanaoishi na virusi tayari. Mtu akimeza ARV vizuri, virusi hupungua hata kipimo kisivione, na akifikia hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Dawa zake kwa hiyo ni kinga ya mtaa mzima. Ukimpora mkoba wa miezi mitatu, umeutoboa mtaa.

Wanaoporwa dawa mara nyingi huona haya kurudi kliniki mapema, wakidhani watagombezwa au wataambiwa wameuza. Rudi siku ile ile. Dawa nyingine utapewa. Kama unakaa sehemu isiyo salama, omba miadi ya asubuhi, omba kuhamishiwa kituo cha karibu, na vidonge utie kwenye mfuko wa plastiki bila kopo, kwani kopo lenyewe hupiga kelele. Aliyekuibia akaanza kutangaza hali yako mtaani, ujue kuwa sheria ya VVU na Ukimwi ya 2006 inalinda siri hiyo, na kuna baraza maalumu la kisheria linalosikiliza malalamiko ya aina hii.

Na damu je? Baada ya shambulio la mapanga majirani hukimbilia kumfunga majeruhi, na wengine huniuliza kama wamejiambukiza. Damu ikigusa ngozi nzima isiyo na jeraha, osha kwa maji na sabuni, hakuna la kuogopa. Ikiingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda chako, osha kwa maji mengi na uende ukaulizie PEP. Tia mifuko ya plastiki mikononi kabla ya kumshika, ni rahisi. Wale wanaompiga mwizi kwa mawe hadi damu kuwarukia wanaswa na hesabu hiyo hiyo, mbali na kosa la kuua. Mtoto akichomwa na sindano iliyotupwa kiwanjani, usiifyonze wala kuiminya. Osha, kisha hospitali. Hatari yake ni ndogo: hata kwa wauguzi wanaochomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, ni takriban 3 kati ya 1,000. Ndogo, lakini saa 72 ni zile zile.

Usiku ule ambao hujui pa kuanzia, nambari ya kitaifa ya ukatili wa kijinsia ni 1195, bila malipo, saa 24. Ya watoto ni 116. Watakapokuuliza uko wapi, wataje mtaa na hospitali iliyo karibu, kisha useme tukio lilikuwa saa ngapi, maana saa ndiyo wanayohitaji kuijua kwanza.